Kaske ya muziki si kaske ya kazi



Katika Kiswahili chetu cha Fizi neno "kaske" linabeba vitu vitatu. Kuna kaske ngumu ya kichwa, inayokinga jiwe. Kuna kaske ya kuzuia kelele, ile yenye vikombe viwili vinavyofunika masikio. Tena kuna kaske ya muziki, inayouzwa sokoni Baraka pamoja na betri, kadi za telefone na ekutere ndogo za kuchomeka sikioni. Ya kwanza hakuna anayeikosea. Lakini ya pili na ya tatu zinafanana kwa sura, na vijana wengi wanaoingia kazini wanazihesabu kuwa kitu kimoja. Kijana anasimama kando ya mashini ya kusaga mawe, ekutere masikioni, muziki juu kabisa. Akiulizwa kinga yake iko wapi, anajibu: "Lakini nimeziba masikio, shefu. Mashini siisikii hata kidogo."

Ni kweli haisikii. Lakini kelele ya mashini haikuzuiwa mlangoni. Imeingia yote, na juu yake kijana ameongeza kelele ya pili iliyo kubwa kuliko ya kwanza, ndiyo maana ile ya kwanza imefichika. Ni kama mtu mwenye mzigo wa kilo 50 mgongoni anayepandisha kilo nyingine 60 juu yake, halafu anasema ule wa kwanza hauoni tena. Sikio linabeba yote mawili.

Tuone basi sikio linabeba namna gani.

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Unaingia kwa tundu la sikio, unatikisa ngozi nyembamba iliyo ndani, ngozi inasukuma mifupa mitatu midogo sana, na mifupa inasukuma maji yaliyomo ndani ya kitu kilichojikunja kama konokono. Humo ndani ya konokono mna chembe hai zenye vinyweleo, karibu 15,000 kwa kila sikio. Maji yakipita, vinyweleo vinapinda, na chembe zinatuma habari kwenye ubongo. Hapo ndipo mtu anasema: nimesikia.

Mtu wa kando ya Tanganyika anaweza kuvielewa vinyweleo hivi kwa kutazama matete. Mtumbwi ukipita taratibu, matete yanainama na kuinuka. Mashua kubwa yenye moteri ikipita karibu, yanalala, na inachukua muda kuinuka tena. Lakini mashua hiyo ikipita kila siku, asubuhi na jioni, mahali pale pale, matete yanavunjika. Tofauti ni moja, nayo ni mbaya: matete yanaota tena baada ya mvua. Chembe za sikio la mtu haziotei. Ndege wanaweza kuzirudisha. Wataalamu waliligundua jambo hilo kwa kuku katika miaka ya 1980, na tangu hapo wanatafuta njia ya kufanya vivyo hivyo kwa mwanadamu. Mpaka leo hakuna dawa ya hospitali wala ya miti inayozirudisha.

Kwa hiyo zingatia ule muda ambao matete yamelala lakini hayajavunjika. Umetoka kazini, au umetoka kwenye nganda yenye bafle kubwa, na masikio yanalia "nziii", sauti za watu zinakuja kama kutoka ndani ya mtungi. Asubuhi yamefunguka, na wewe unasema yamepona. Yamepona, ndiyo, lakini yalikuonya. Mtu anayepata onyo hilo mara nyingi, siku moja asubuhi inafika na masikio hayakufunguka yote.

Ipo njia rahisi ya kujipima. Asubuhi kabla ya kwenda kazini, washa radio na uipunguze mpaka usikie maneno kwa shida kidogo tu. Tia alama pale kifungo kilipo. Jioni ukirudi, washa tena pale pale penye alama. Kama huelewi maneno uliyoyaelewa asubuhi, siku hiyo masikio yako yamepigwa kupita kiasi. Hakuna mashini ya hospitali inayohitajika kwa hili.

Watu wengi hawajui kwamba ugonjwa huu hauanzi kwa ukimya. Mgonjwa anasikia. Anasikia gari, anasikia ngoma, anasikia mtoto akilia. Ndiyo sababu anakataa kuitwa kiziwi, na kweli si kiziwi. Kinachoondoka kwanza ni sauti nyembamba za juu, na katika maneno yetu sauti hizo ni s, f, sh, t, k na wenzake. Sauti nene za a, e, i, o, u zinabaki. Sasa fikiri maneno haya: fika, shika, pika. Ukiondoa sauti ya kwanza, yote matatu ni "ika". Nyumbani, mke akimwambia mumewe mtoto anapika, naye akasikia mtoto anafika, watacheka. Lakini ndani ya shimo, mwenzako juu ya ngazi akipiga kelele "shika!" na wewe ukafikiri anasema "fika", mnaweza kulia badala ya kucheka.

Wachimbaji wanajua tena kazi nyingine ya sikio ambayo watu wa ofisini hawaifahamu. Kabla ya kuingia mahali palipopasuliwa, mtu mwenye uzoefu anagonga dari la mwamba kwa chuma kirefu. Mwamba mzima unalia kama kengele, wazi na mkali. Mwamba ulioachana na wenzake unalia kama ngoma iliyolegea: ndu, ndu. Na miti ya kutegemeza inapobebeshwa mzigo mwingi, inasema kwanza. Inatoa milio midogo ya kupasuka kabla haijavunjika. Mara nyingi sekunde hizo chache ndizo zilizowatoa watu wakiwa hai. Yeye aliyeziba masikio kwa muziki hasikii kengele, wala ngoma, wala mti. Mwaka huu bado masikio yake ni mazima, lakini ni kana kwamba hana masikio kwa saa zote anazosikiliza. Kwa hiyo ekutere ina hatari mbili: ya leo, kutosikia kinachokuja, na ya miaka 10 ijayo, kutosikia tena.

Tuje kwenye hesabu, maana bila hesabu watu wanasema ofisi ya usalama inaogopesha tu.

Ukubwa wa sauti unapimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Mashini ya kutoboa mwamba inayoendeshwa kwa hewa inafika 110 na zaidi. Wengi wanafikiri kutoka 85 hadi 88 si kitu. Kumbe kila zikiongezeka 3, nguvu inayoingia sikioni imekuwa mara mbili. Ndiyo maana muda unakatwa nusu kila mara. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi wa kazi ni 85 kwa saa 8. Kwa 88 ni saa 4. Kwa 91 ni saa 2. Kwa 94 ni saa 1. Kwa 100 ni dakika 15. Kwa 110, yaani karibu na mashini ya kutoboa bila kinga yoyote, ni kama dakika moja na nusu, na zamu yote ya siku imekwisha kwa upande wa sikio.

Telefone nyingi zenye ekutere, zikipandishwa mpaka mwisho, zinafika 100 au kupita. Na watu wanazipandisha wapi? Si chumbani usiku penye kimya. Wanazipandisha mahali penye kelele: karibu na grupu ya umeme, ndani ya lori la kwenda Lulimba, juu ya pikipiki, kando ya kinu. Ekutere za bei ndogo hazizuii kelele ya nje, kwa hiyo mtu anasukuma sauti mpaka ishinde moteri. Hajui amefika wapi, maana sikio halina sindano ya kuonyesha namba.

Sasa tufanye hesabu ya siku moja ya mfanyakazi mwema, anayevaa kinga yake vizuri zamu nzima. Ile 85 kwa saa 8 ilipangwa kwa kudhani kwamba saa 16 zilizobaki sikio linapumzika. Mtu huyu anatoka kazini, anaweka ekutere kwa 94, anasikiliza saa moja tu njiani na kitandani. Saa hiyo moja ni sawa na zamu nyingine nzima. Amefanya zamu mbili kwa siku, na ya pili hailipwi na mtu.

Wazee watasema: sisi tulikuwa na kaseti, mbona hatukuzibika? Walkman ya kwanza ya Sony ilitoka Japani mwaka 1979, na tangu wakati huo waganga walianza kuonya. Lakini kaseti ilikuwa na ulinzi wake usiokusudiwa. Upande mmoja ulikwisha ukabidi kugeuza, na betri zilikuwa ghali. Muziki ulikufa wenyewe. Leo kadi ndogo kama ukucha inabeba nyimbo elfu, na bamba la jua juu ya nyumba linajaza telefone bure. Kijana anaweza kulala na ekutere mpaka asubuhi. Shirika la Afya la Ulimwengu, OMS, linahesabu kwamba vijana zaidi ya bilioni moja, wa miaka 12 hadi 35, wako katika hatari kwa ajili ya kusikiliza kwa namna hii na kwa bafle za mahali pa starehe. Wataalamu wa Umoja wa Ulaya walitoa neno mwaka 2008: anayesikiliza kwa sauti ya juu zaidi ya saa moja kila siku, kwa miaka 5, yuko katika hatari ya kupoteza usikivu moja kwa moja. Yaani kijana aliyeanza akiwa na miaka 14 anafika mlangoni pa kazi na miaka 19, sikio limekwisha kutumika kabla ya kusikia mashini yetu ya kwanza.

Hatusemi muziki ni adui. Kwa mambo ambayo Fizi imepitia, mtu akipata wimbo wa kumtuliza jioni, asikilize. OMS yenyewe inatoa kipimo kwa muziki: 80 kwa saa 40 kwa juma, kwa mtu mzima, na 75 kwa mtoto. Kwa kuwa hatuna mashini za kupimia, shika mambo haya. Usipitishe sauti ya telefone zaidi ya 60 kwa mia, yaani zaidi kidogo ya nusu ya mstari. Mtu aliye umbali wa mkono akisema nawe kwa sauti ya kawaida na humwelewi, punguza. Mahali penye kelele ya moteri, toa ekutere kabisa. Hapo huwezi kusikiliza bila kujidhuru. Tena usisikilize kwa sikio moja ukimpa mwenzako la pili: sikio moja linahitaji sauti kubwa zaidi ili uridhike, na uchafu na usaha vinahama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

Turudi kazini, kwa ile kaske ya kweli. Kama unahitaji kupaza sauti ili mtu aliye mita moja akusikie, mahali hapo panahitaji kinga. Vizibo vya sifongo vinasokotwa kwa vidole safi mpaka vinakuwa vyembamba. Kisha unapitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa, unavuta sikio juu na nyuma, unaingiza, na kushika mpaka kizibo kivimbe. Kizibo kinachoning'inia mlangoni pa sikio hakifanyi kazi. Pamba haizuii kitu cha maana. Vikombe navyo vikae juu ya ngozi. Kamba ya kofia au mguu wa miwani ukipita chini yake, kelele inapita hapo hapo.

Na tafadhali, usivue "kidogo tu". Hapa hesabu inashangaza hata waliosoma. Chukua kinga nzuri inayopunguza desibeli 30. Ukiivua kwa nusu saa tu katika saa 8, kwa sababu ya joto au ya kuzungumza, faida yake ya siku nzima inashuka mpaka kama 12. Nusu saa imekula zaidi ya nusu ya kinga. Ukitaka kusema na mwenzako, ondokeni kwanza kwenye kelele, ndipo mvue.

Lakini haitakuwa haki kuwatwisha vijana mzigo wote. Kelele ya kwanza ni ya mashini, na mashini si ya mfanyakazi. Jambo hili ni la zamani: daktari Ramazzini wa Italia aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1713 kwamba wafua shaba wa Venezia wanakuwa viziwi kwa ajili ya nyundo. Mwaka 1886, mjini Glasgow, daktari Thomas Barr aliwapima wafua mitungi ya mvuke 100, akakuta masikio yao yameharibika vibaya. Nchi jirani ya Tanzania, uchunguzi uliotolewa mwaka 2015 juu ya wachimbaji ulikuta karibu nusu yao wana dalili za madhara ya kelele. Afrika ya Kusini haikuishia kugawa vizibo tu: migodi ilipewa lengo kwamba kufikia Desemba 2024 mashini yoyote isitoe kelele ya kupita desibeli 107. Njia zinajulikana: kufunga kizuia sauti kwenye tundu la kutolea hewa, kukaza bati zinazotikisika, kuweka mpira pale mawe yanapoangukia chuma, kupeleka kompresere mbali na watu, kubadilishana zamu. Shefu wa ekipe anayeona bati limelegea na haliandiki kwenye ripoti, naye ana sehemu yake.

Hapo ndipo kijana mwenye ekutere anapojiletea hasara ya tatu, ya mfuko. Shirika la Kazi la Ulimwengu linahesabu kuharibika masikio kwa kelele kati ya magonjwa ya kazi. Ila sikio lililoharibiwa na mashini na sikio lililoharibiwa na muziki, yakipimwa, yanaonyesha picha moja: shimo lile lile kwenye sauti nyembamba, karibu na hezi 4000. Mganga hawezi kutofautisha kwa kutazama karatasi. Mfanyakazi akidai haki yake baada ya miaka 15, na kila mtu aliona ekutere masikioni mwake miaka 15, ataulizwa nini? Kwa hiyo kipimo cha masikio siku ya kuanza kazi ni ulinzi wako wewe kama vile ni wa kompani. Kiombe. Karatasi yake iandikwe tarehe na nakala ikae nyumbani, katika sanduku lenye kadi ya ubatizo na vyeti vya shule. Na kirudiwe kila mwaka kwa wale wa mashini kubwa, wa baruti, na wa kinu.

Akina mama, kuna mambo machache ambayo ninyi mnayaona kabla ya mganga. Mtu anayeongeza radio wakati wengine wote wanasikia vizuri. Anayejibu "eeh" kwa swali ambalo halina "eeh". Anayeepuka mikutano, au anayekasirika kwamba watoto wanasema chini chini. Hizo ni dalili. Lakini si kila sikio baya limeletwa na muziki au mashini. Kwinini ya malaria inaweza kuleta mlio masikioni, na mara nyingi unatulia dawa ikiisha, mwambie mganga. Sindano za namna ya streptomisini na jentamisini zinaweza kuua zile chembe, basi zisinunuliwe sokoni na kudungwa bila mganga. Mtoto mwenye sikio linalotoa usaha apelekwe dispanseri siku hizo hizo; usitie mafuta wala maji ya majani. Na wapo kati yetu ambao risasi au bomu lililia karibu nao katika vita vya 1996 na vilivyofuata. Mlipuko mmoja unaweza kufanya katika sekunde kazi ambayo muziki unaifanya kwa miaka. Mtu kama huyo ana chembe chache zilizobaki, na asipangwe kwenye kelele bila kupimwa. Yule ambaye sikio limeziba ghafla, upande mmoja, bila sababu, asingoje juma liishe. Hiyo ni ya kwenda kwa mganga siku hiyo hiyo, hata kama safari ni ndefu.

Kwa yule ambaye tayari hasikii vizuri, baba au yaya, nyumba nzima inaweza kumsaidia. Watu wengi wanampigia kelele. Ukipiga kelele unaongeza a na i na o, ambazo yeye anazisikia tayari. S na sh na f zinabaki pale pale. Mkaribie, usimame penye mwanga aone midomo yako, zima radio kwanza, sema polepole. Na akikosa neno, usilirudie lile lile mara tatu. Umesema "shika" na hakupata? Sema "kamata".